Siri ya Namba 2⁶⁷ − 1: Kujua, Kutafuta na Kuhakiki

Mwanafunzi wa kidato cha kwanza akipewa namba 91 na kuulizwa kama ni namba tasa, hana budi kufikiri kidogo. Namba hiyo haigawanyiki kwa 2, wala kwa 3, wala kwa 5; lakini akijaribu 7 ataona kwamba 7 × 13 = 91, na swali litakuwa limekwisha. Kwa namba ndogo kama hiyo, kujua kwamba ina vigawo na kuvipata vigawo vyenyewe ni kazi moja. Wengi humaliza masomo wakidhani kwamba hali ni hiyo hiyo kwa namba zote.

Namba kubwa zinafundisha vingine. Iko namba moja yenye tarakimu 21, nayo ni 147,573,952,589,676,412,927. Namba hii iliwekwa katika orodha ya namba tasa mwaka 1644, na kwa zaidi ya miaka 200 hakuna aliyeweza kuiondoa humo. Kisha ikathibitishwa kwamba si tasa, lakini hakuna aliyeweza kutaja hata kigawo chake kimoja. Na hali hiyo ilidumu miaka 27. Historia yake yaonyesha wazi kwamba kujua kuwa namba ina vigawo, kuvitafuta vigawo hivyo, na kuvihakiki vikishapatikana ni kazi tatu zilizo mbalimbali kabisa. Tofauti hiyo si jambo la darasani tu, kwani juu yake yamejengwa maandishi ya siri yanayolinda habari nyingi zinazopita katika kompyuta za leo.

Namba yenyewe

Namba inayozungumzwa ni 2⁶⁷ − 1, yaani zao la 2 ikizidishwa kwa yenyewe hadi kipeo cha 67, kisha ikatolewa 1. Ukubwa wake waweza kupimwa kwa hadithi ya kale ya ubao wa sataranji, ambamo punje moja ya nafaka huwekwa katika chumba cha kwanza, mbili katika cha pili, nne katika cha tatu, na kuendelea hivyo hadi chumba cha 64. Jumla ya punje hizo ni 2⁶⁴ − 1, yaani 18,446,744,073,709,551,615, hesabu ambayo hakuna ghala lililopata kuitosha. Namba yetu ni mara nane ya jumla hiyo, na 7 zaidi.

Wanahisabati walivutwa na namba za aina hii kwa sababu ya namba timilifu. Namba huitwa timilifu ikiwa ni sawa na jumla ya vigawo vyake vyote vilivyo vidogo kuliko yenyewe. Kwa mfano, 6 = 1 + 2 + 3, na 28 = 1 + 2 + 4 + 7 + 14. Yapata mwaka 300 kabla ya Kristo, Euclid alithibitisha kwamba ikiwa 2ⁿ − 1 ni namba tasa, basi ikizidishwa kwa 2ⁿ⁻¹ hutoa namba timilifu. Hivyo 3 × 2 ni 6, 7 × 4 ni 28, na 31 × 16 ni 496. Kila namba tasa ya aina hii huzaa namba timilifu moja.

Ili 2ⁿ − 1 iwe tasa, n yenyewe haina budi kuwa tasa. Kwa mfano 15 ni 3 × 5, na kwa sababu hiyo 2¹⁵ − 1, yaani 32,767, hugawanyika kwa 2³ − 1 ambayo ni 7, na kwa 2⁵ − 1 ambayo ni 31. Lakini kinyume chake si kweli: n yaweza kuwa tasa na 2ⁿ − 1 isiwe tasa. Mfano wa kwanza ni 11, kwa kuwa 2¹¹ − 1 = 2,047 = 23 × 89. Namba 67 nayo ni tasa. Kwa hiyo mlango ulibaki wazi.

Orodha ya Mersenne

Mwaka 1644 mtawa wa Kifaransa, Marin Mersenne, alichapisha mjini Paris kitabu ambamo alitaja vipeo vinavyofanya 2ⁿ − 1 kuwa namba tasa. Kwa vipeo visivyozidi 257, alisema, ni hivi tu: 2, 3, 5, 7, 13, 17, 19, 31, 67, 127 na 257. Mersenne alikuwa mtu wa heshima kubwa, aliyeandikiana barua na wanahisabati mashuhuri wa Ulaya, na namba za aina ya 2ⁿ − 1 zinaitwa kwa jina lake hadi leo. Hata hivyo hakutoa uthibitisho wa orodha yake. Tena yeye mwenyewe alikiri kwamba kuipima namba ya tarakimu 15 au 20 ni kazi ambayo wakati wote uliopo usingeitosha.

Hapo ndipo ulipo ugumu. Madai yalikuwa wazi, lakini hapakuwa na njia ya kuyapima. Leonhard Euler alithibitisha mwaka 1772 kwamba 2³¹ − 1 ni tasa, lakini kutoka 31 hadi 67 ni safari ndefu. Njia ya kawaida ya kuitambua namba tasa ni kujaribu vigawo vyote hadi kipeuo chake cha pili. Kipeuo cha pili cha namba yetu ni zaidi ya 12,000,000,000. Hakuna mtu ambaye umri wake ungetosha kwa kazi hiyo.

Kujua bila kuona

Njia mpya ilitoka kwa Mfaransa mwingine, Édouard Lucas, katika miaka ya 1870. Derrick Henry Lehmer wa Marekani aliirahisisha mwaka 1930, na kwa sura yake hiyo iliyorahisishwa inaweza kufuatwa na mwanafunzi yeyote ajuaye kugawanya. Anza na 4. Izidishe kwa yenyewe, toa 2, gawanya kwa namba inayopimwa, kisha shika baki peke yake. Lifanyie baki hilo vivyo hivyo, na uendelee. Ikiwa kipeo ni n, namba tasa iliyo kubwa kuliko 2, hatua hizo hurudiwa mara n − 2. Baki la mwisho likiwa 0, namba ni tasa. Likiwa lingine lolote, namba si tasa.

Kwa 2⁵ − 1, yaani 31, hatua ni tatu. Kutoka 4 hupatikana 14. Kutoka 14 hupatikana 194, ambayo ikigawanywa kwa 31 hubakisha 8. Kutoka 8 hupatikana 62, ambayo hubakisha 0. Kwa hiyo 31 ni tasa. Kwa 2,047 hatua ni tisa, na mabaki yanafuatana hivi baada ya 4: 14, 194, 788, 701, 119, 1,877, 240, 282, 1,736. Baki la mwisho si 0. Kwa hiyo 2,047 si tasa.

Msomaji na aitazame tena safu hiyo ya mabaki. Hakuna mahali ambapo 23 imetajwa, wala 89. Njia hii inatoa hukumu bila kumwonyesha mtu vigawo vyenyewe. Anunuaye nazi sokoni huitikisa sikioni akajua kama ina maji au haina, na nazi ikabaki nzima. Vivyo hivyo kipimo hiki huijua hali ya namba bila kuipasua.

Kwa njia zake, mwaka 1876, Lucas alifikia hukumu mbili kubwa. Alionyesha kwamba 2¹²⁷ − 1, yenye tarakimu 39, ni tasa. Nayo ilibaki kuwa namba tasa kubwa kuliko zote zilizojulikana hadi mwaka 1951. Lakini kuhusu 2⁶⁷ − 1 alikuta kinyume cha maneno ya Mersenne: namba hiyo si tasa. Vigawo vyake ni vipi? Lucas hakuweza kusema.

Kupunguza washukiwa

Atafutaye vigawo hahitaji kujaribu kila namba. Na iwe q ni kigawo tasa cha 2⁶⁷ − 1. Vipeo vya 2 vikigawanywa kwa q, mabaki yake hujirudia kwa mzunguko. Mfano ni 23, kigawo cha 2¹¹ − 1: mabaki ya 2, 2², 2³ na kuendelea ni 2, 4, 8, 16, 9, 18, 13, 3, 6, 12, 1, kisha huanza upya. Mzunguko huo una hatua 11 kamili, sawa na kipeo. Kwa namba yetu, 2⁶⁷ ikigawanywa kwa q hubakisha 1. Kwa hiyo urefu wa mzunguko ni lazima uigawanye 67. Kwa kuwa 67 ni tasa, na mzunguko hauwezi kuwa wa hatua moja, urefu wake ni 67.

Pierre de Fermat alikwisha kueleza mwaka 1640 kwamba 2 kwa kipeo cha q − 1, ikigawanywa kwa q iliyo tasa na witiri, hubakisha 1. Basi 67 yaigawanya q − 1. Na kwa kuwa q ni witiri, q − 1 ni shufwa. Hivyo q − 1 hugawanyika kwa 134, na kila kigawo tasa ni cha umbo la 134k + 1. Katika kila namba 134 zinazofuatana, imebaki moja tu ya kushukiwa.

Iko sheria ya pili. Namba 2⁶⁸ ni mraba wa 2³⁴, na ikigawanywa kwa 2⁶⁷ − 1 hubakisha 2. Maana yake ni kwamba, mbele ya q, 2 ni baki la namba mraba. Na hilo huwezekana tu ikiwa q ikigawanywa kwa 8 hubakisha 1 au 7. Sheria hiyo huondoa nusu ya namba zilizosalia.

Hata baada ya hayo kazi ni kubwa. Kigawo kidogo, kama ilivyojulikana baadaye, ni karibu milioni 194. Kabla ya kukifikia, sheria hizi mbili zaacha namba zipatazo 722,790 za kujaribiwa. Mtu ambaye angetumia dakika tano kwa kila moja, saa nane kwa siku, angefanya majaribio 96 kila siku, na angehitaji zaidi ya miaka 20 bila siku moja ya mapumziko.

Jumapili za Cole

Aliyeifupisha safari hiyo ni Frank Nelson Cole, aliyekuwa mwalimu wa hisabati katika Chuo Kikuu cha Columbia, mjini New York. Yeye aliifuata ile sheria ya pili na kuipanua. Kama ilivyo kwa 2, kila namba nyingine inayopatikana kuwa baki la namba mraba huleta sharti jipya juu ya q, na kila sharti jipya huondoa karibu nusu ya washukiwa. Masharti kumi yasiyotegemeana huwapunguza hadi karibu sehemu moja ya 1,024. Kazi yote ya kuyatafuta mabaki hayo na kuyachuja ilifanywa kwa mkono.

Tarehe 31 Oktoba 1903, katika mkutano wa Chama cha Hisabati cha Marekani mjini New York, Cole aliitwa kutoa mada yake kuhusu kuzipata vigawo namba kubwa. Kwa masimulizi ya mwanahisabati Eric Temple Bell, Cole alikwenda ubaoni bila kusema neno. Upande mmoja alikokotoa 2⁶⁷ na kutoa 1. Upande wa pili aliandika namba mbili na kuzizidisha kwa njia ya kawaida, mstari kwa mstari:

193,707,721 × 761,838,257,287

Majibu ya pande mbili yalikuwa sawa. Cole alirudi kitini pake, bado kimya, na wasikilizaji wakapiga makofi. Bell asema pia kwamba alipomwuliza baadaye kazi ile ilimchukua muda gani, alijibiwa kuwa ni Jumapili za miaka mitatu.

Masimulizi hayo Bell aliyaandika miaka mingi baadaye, na huenda yamepambwa kidogo. Lakini hesabu yenyewe haihitaji shahidi. Hilo ndilo jambo kubwa katika tukio zima: kilichomgharimu Cole Jumapili za miaka mitatu, mwanafunzi aweza kukihakiki katika kipindi kimoja cha darasa.

Kuhakiki

Kuzidisha namba ya tarakimu 9 kwa namba ya tarakimu 12 huhitaji mistari tisa ya mazao, na mmojawapo ni wa sifuri tupu. Kabla ya kuianza kazi hiyo, yafaa kutumia vipimo vya haraka.

Kipimo cha kwanza ni cha 9. Tarakimu za 193,707,721 zikijumlishwa hutoa 37, ambayo hutoa 10, na mwishowe 1. Tarakimu za 761,838,257,287 hutoa 64, kisha 10, kisha 1. Zao la 1 na 1 ni 1. Tarakimu 21 za namba kubwa nazo hutoa 109, kisha 10, kisha 1. Kipimo kimekubali.

Kipimo cha pili ni cha 11. Vigawo hivyo viwili vikigawanywa kwa 11 hubakisha 9 na 8; zao lake ni 72, ambalo hubakisha 6. Namba kubwa nayo hubakisha 6.

Kipimo cha tatu ni umbo lenyewe. Namba 193,707,720 ni 134 × 1,445,580, na 761,838,257,286 ni 134 × 5,685,360,129. Vigawo vyote viwili ni vya umbo la 134k + 1, kama sheria inavyodai. Aidha, cha kwanza kikigawanywa kwa 8 hubakisha 1, na cha pili hubakisha 7.

Mwalimu awakumbushe wanafunzi kwamba vipimo hivi vyaweza kulifichua kosa, lakini havithibitishi usahihi. Tarakimu mbili zikibadilishana nafasi, kipimo cha 9 hakitatambua. Neno la mwisho ni kuzidisha kwenyewe.

Kuhusu orodha ya Mersenne, ukaguzi wake ulikamilika mwaka 1947, nayo ikaonekana kuwa na makosa matano. Vipeo 67 na 257 viliingizwa isivyo haki, na vipeo 61, 89 na 107 viliachwa. Jina la mtu mkubwa lilikuwa limeibeba orodha hiyo kwa miaka mia tatu.

Ugumu uliogeuzwa kufuli

Leo kompyuta ndogo ya mezani huvipata vigawo vya 2⁶⁷ − 1 katika muda usiofikia sekunde moja. Mtu aweza kudhani kwamba ugumu umekwisha. La, umesogea mbele tu.

Mwaka 1977 Ronald Rivest, Adi Shamir na Leonard Adleman, nchini Marekani, walibuni njia ya kuandika kwa siri inayotegemea ugumu huu. Mtu huchagua namba mbili tasa kubwa sana, huzizidisha, na kulitangaza zao lake hadharani. Yeyote aweza kulitumia zao hilo kuufunga ujumbe. Lakini kuufungua kwataka vigawo, navyo anavijua mwenyewe tu. Mwaka huo huo ilitangazwa namba ya tarakimu 129 kuwa changamoto kwa watu wote. Ilisimama miaka 17. Vigawo vyake, kimoja cha tarakimu 64 na kingine cha tarakimu 65, vilipatikana mwaka 1994, baada ya watu wapatao 600 wa nchi mbalimbali kujitolea kompyuta zao. Mwaka 2020 ilishindwa namba ya tarakimu 250. Namba zinazotumika kwa kawaida katika njia hiyo siku hizi zina tarakimu 617.

Kazi ya Lucas nayo imeendelezwa kwa upande wake. Kipimo kile cha kuanza na 4 hutumika hadi leo kuzihukumu namba tasa kubwa kuliko zote. Mwaka 2024 ilipatikana namba tasa 2¹³⁶²⁷⁹⁸⁴¹ − 1, yenye tarakimu 41,024,320, nayo ilikuwa ya 52 katika namba tasa za Mersenne zilizojulikana. Basi kompyuta zaweza kuthibitisha kwamba namba yenye tarakimu milioni 41 ni tasa, ilhali namba yenye tarakimu 617 iliyochaguliwa vema hukataa kutoa vigawo vyake. Pengo baina ya kujua na kutafuta, lililoonekana kati ya Lucas na Cole, limezidi kupanuka.

Hata hivyo hakuna aliyethibitisha kwamba njia rahisi ya kutafuta vigawo haipo. Mwaka 1994 Peter Shor alionyesha kwamba kompyuta ya aina nyingine, inayofuata sheria za fizikia ya kwanta, ingeweza kuifanya kazi hiyo haraka ikiwa itaundwa kwa ukubwa wa kutosha. Kufuli hili linategemea ugumu ambao haujathibitishwa kuwa wa kudumu.

Mazoezi kwa darasa

1. Vipeo 23 na 29 ni tasa. Onyesha kwamba 2²³ − 1 = 8,388,607 si tasa. Kila kigawo tasa ni cha umbo la 46k + 1, nacho kikigawanywa kwa 8 hubakisha 1 au 7. Ni namba ipi ya kwanza inayoruhusiwa na sheria zote mbili? Je, inagawanya?

2. Fanya vivyo hivyo kwa 2²⁹ − 1 = 536,870,911, ambayo vigawo vyake tasa ni vya umbo la 58k + 1. Namba hii ina vigawo tasa vitatu, vipate vyote.

3. Ligawe darasa katika makundi manane. Kila kundi lizidishe 761,838,257,287 kwa tarakimu moja ya 193,707,721 isiyo sifuri, kisha mistari yote ijumlishwe ubaoni, kila mmoja katika nafasi yake. Kundi ambalo mstari wake una kosa laweza kujulikana kwa kipimo cha 9, nalo lirudie kazi kabla ya kujumlisha. Jibu la darasa lilinganishwe na 2⁶⁷ − 1, tarakimu kwa tarakimu, kama walivyolinganisha wale waliohudhuria mkutano wa mwaka 1903.